Ukinunua nyumba, unanunua nini hasa? Muhuri wa mtaa, hati, na jina lililomo daftarini

Bahasha ya kaki ilikuwa imekunjwa mara mbili na kufungwa kwa rababendi. Ndani mlikuwa na karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la mistari: maandishi ya kalamu ya bluu, dole gumba la muuzaji, saini za mashahidi wanne, na chini kabisa muhuri wa duara wa serikali ya mtaa ulioanza kupauka. Shangazi alizitandaza mezani akazilainisha kwa kiganja. "Hizi ndizo hati za nyumba yangu," akasema. "Nimezipeleka benki nikope niongeze vyumba viwili vya kupangisha, wakanirudishia. Sasa baba, miaka yote hii nimekaa na nini?"

Swali la shangazi ni la watu wengi mno. Watu wananunua kwa jasho la miaka, wanaandikishana mbele ya mwenyekiti, wanahamia, wanalea watoto humo, halafu siku moja anatokea mtu na karatasi nyingine. Hapo ndipo utasikia, "Lakini serikali ya mtaa ilishuhudia!" Kweli ilishuhudia. Ila kushuhudia mauziano ni jambo moja, na kuhamisha umiliki ni jambo lingine kabisa, na pengo kati ya hayo mawili limemeza akiba za watu wengi.

Ninayoeleza hapa yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na Kenya vilevile, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Mombasa asiyachukue kama yalivyo.

Ardhi ni ya nani?

Tuanzie chini kabisa. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ameikabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Wazo hili si la jana: Waingereza waliiweka ardhi chini ya Gavana kwa sheria yao ya 1923, na baada ya Uhuru, mwaka 1963, ule umiliki wa kudumu usio na ukomo uliokuwepo kwa wachache uliondolewa. Kwa hiyo hata mwenye hati nzuri kuliko zote Masaki hana udongo. Ana haki ya kuumiliki na kuutumia kwa muda na kwa masharti. Muda huo kwenye hati huwa miaka 33, 66 au 99, na miongoni mwa masharti ni kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka na kukitumia kiwanja kwa kazi kilichopangiwa.

Kumbe unaponunua nyumba, jengo ni sehemu tu ya unachonunua. Kubwa zaidi ni ile haki ya mtu mwingine, itoke kwake ije kwako. Na haki haishikiki kwa mkono kama tofali. Inaishi kwenye kumbukumbu.

Chukua mfano wa laini ya simu. Mtu anaweza kukuuzia laini aliyoisajili kwa kidole chake. Utaitumia, utapigiwa, utaweka hata pesa humo. Lakini siku simu ikiibwa ukaenda kuirudisha laini, mtandao utamtaka yule ambaye kidole chake kimo kwenye mfumo. Hakuna atakayekuuliza uliinunua shilingi ngapi wala nani alikuwa shahidi. Nyumba yenye hati iko hivyohivyo. Sheria ya Ardhi inasema uhamisho wa haki miliki haukamiliki mpaka usajiliwe. Mkataba wa mauziano unakupa haki ya kumdai muuzaji atimize ahadi yake. Kinachokufanya mmiliki machoni pa sheria ni jina lako kuingia kwenye daftari la Msajili wa Hati.

Karatasi si karatasi tu

Mitaani kila karatasi inayohusu nyumba huitwa "hati". Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, maana kuna karatasi za aina nyingi na uzito wake haufanani.

Hati miliki yenyewe hutolewa kwa ardhi iliyopangwa, ikapimwa na kusajiliwa. Ina namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, muda, masharti ya matumizi, na ramani ndogo inayoonyesha umbo la kiwanja na namba za bikoni zake, yaani alama za mipaka zilizowekwa ardhini. Barua ya toleo ni hatua iliyo nyuma yake: serikali inamwambia mtu, "tunakupa kiwanja hiki, kubali na ulipe ada hizi." Aliyekaa na barua ya toleo bila kutimiza yaliyoandikwa humo anaweza kujikuta hana chochote cha kukuuzia. Leseni ya makazi walipewa watu waliojenga kwenye maeneo yasiyopimwa mijini. Inamtambua mkaaji kwa muda mfupi na inapaswa kuhuishwa. Inasaidia, na wapo walioikopea, lakini haifikii hati. Vijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Hiyo haina ukomo wa miaka kama ile ya mjini, na kisheria hadhi yake haiko chini ya haki miliki ya kupewa, yaani ile iliyomo kwenye hati ya mjini. Wanaoibeza wanaibeza kwa kutojua.

Ukinunua fleti ghorofani, uliza kuhusu hati ya sehemu ya jengo, ambayo msingi wake ni sheria ya 2008. Inakupa sehemu yako pamoja na fungu lako katika vitu vya pamoja: ngazi, paa, maegesho, tangi la maji. Mwenye jengo akikuambia hati ni moja tu na iko kwake, bado hajakutenganishia cha kwako.

Karatasi ya shangazi ni ya aina ya mwisho: mkataba wa mauziano. Si takataka. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuuziana haki ya ardhi uwe wa maandishi na uwe na saini, la sivyo mahakama haitaulazimisha utekelezwe. Kwa hiyo ana ushahidi kwamba alilipa na nani alipokea. Asichokuwa nacho ni uthibitisho kwamba aliyepokea alikuwa na haki ya kuuza.

Muhuri mmoja, nguvu mbili

Hapa niombe msomaji tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye fundo.

Kijijini, Halmashauri ya Kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji kwa mujibu wa sheria. Ukitaka kununua shamba au nyumba katika kijiji, idhini yake si adabu tu, ni sharti. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema tangu miaka ya 1980 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili, na imelirudia hilo baadaye. Idhini yenyewe haitoki kwa mwenyekiti akiwa peke yake na muhuri wake mfukoni. Inatoka kwenye kikao, na kikao kina muhtasari na orodha ya waliohudhuria. Kama kijiji chenyewe ndicho kinachokugawia ardhi, Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wanakijiji wenyewe, lazima uwe umeridhia. Omba nakala ya muhtasari. Ukiambiwa "mwenyekiti anajua, inatosha", bado haijatosha.

Mjini mambo ni tofauti. Mtaa si msimamizi wa ardhi. Mamlaka za upangaji ni halmashauri ya mji, manispaa au jiji, na mwenye kugawa na kusajili ni Kamishna wa Ardhi na Msajili wa Hati kupitia ofisi zao. Mwenyekiti wa mtaa hagawi ardhi, hahamishi umiliki, na muhuri wake haubadilishi jina kwenye daftari lolote. Watu wamehama kutoka vijijini na desturi yao ya kumwendea mwenyekiti, desturi ambayo kule ina msingi wa kisheria, wakaitumia mahali ambapo msingi huo haupo. Na mipaka nayo inasogea: eneo lililokuwa kijiji leo ni mtaa wa manispaa, huku kichwani mwa wakazi bado ni kijiji. Kabla ya kulipa, uliza halmashauri swali hili moja: eneo hili kwa sasa ni ardhi ya kijiji au ni eneo la mji?

Je, mwenyekiti wa mtaa hana kazi? Anayo, tena kubwa, kama shahidi na kama mtu anayejua. Anajua nani alijenga kwanza, nani alizikwa na nani aligombea baada ya msiba. Kaa naye, mjumbe awepo, majirani waitwe. Lakini ile asilimia 10 ya bei ambayo wanunuzi wengi huambiwa ni "ya serikali ya mtaa", Sheria ya Ardhi haina kifungu kinachoidai. Kwenye nyumba ya shilingi 60,000,000 hiyo ni 6,000,000, fedha ambayo ingelipia upekuzi, wakili na mpima, na chenji ikabaki. Ukidaiwa, omba uonyeshwe sheria ndogo ya halmashauri na stakabadhi ya serikali yenye namba ya malipo. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Upekuzi: kulitazama daftari kabla ya kulipa

Kwa nyumba yenye hati, kuna hatua moja ambayo ningemsihi kila mnunuzi asiiruke hata kama muuzaji ni rafiki wa baba yake. Inaitwa upekuzi rasmi. Unapeleka ombi ofisi ya ardhi ya mkoa ukiwa na namba ya hati, kiwanja na kitalu, unalipa ada yake ambayo ni ndogo, unapewa majibu ya maandishi: mmiliki aliyesajiliwa ni nani, muda uliobaki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio lililowekwa na mtu au mahakama. Pitia pia halmashauri, waangalie jalada la kiwanja, kwa sababu huko ndiko hubainika kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili.

Nenda mwenyewe au mtume wakili wako. Usipokee majibu ya upekuzi kutoka mkononi mwa dalali. Hati ya kughushi hutengenezwa vizuri, ina karatasi nzito na mihuri yote; inapoanguka ni pale daftari linapofunguliwa. Na hata hati halisi ikiwa mkononi mwa muuzaji, haikuambii kama kuna zuio lililowekwa juzi.

Upekuzi nao una mwisho wake. Hausemi nani analala ndani ya nyumba. Nenda ubishe hodi. Wapangaji watakuambia kodi wanamlipa nani, na mara nyingi jina watakalotaja ni habari kuliko maelezo yote ya dalali. Kama wana mkataba ambao haujaisha, ujue mapema utahamia lini.

Mwenza na marehemu

Watu wawili ambao hawapo mezani huvunja mauzo mengi: mke na marehemu.

Nikisema mke, namaanisha mwenza, mume naye yumo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ridhaa hiyo iandikwe, mwenza asaini mwenyewe mbele ya wakili, na kitambulisho chake kiambatishwe. Muuzaji akisema "sina mke", aape kwa maandishi, kisha wewe uliza majirani. Akisema "tunaishi tu, hatujafunga ndoa", usipumue bado: walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kuwa mume na mke, sheria hudhania ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwenye wake zaidi ya mmoja, uliza nyumba hii anaishi nani.

Marehemu ni mgumu zaidi. "Nyumba ya urithi, watoto wote wameafiki" ni sentensi inayosikika kila siku. Watoto hata wawe kumi na wote wamesaini, hawawezi kuuza nyumba iliyo katika jina la baba yao aliyefariki. Anayeweza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya uteuzi ina namba ya shauri. Nenda mahakama iliyoandikwa humo ukahakikishe shauri lipo na uteuzi haujatenguliwa. Kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi, hakimteui. Baada ya hapo bado ningetaka warithi wote wasaini kuonyesha wanajua, si kwa sababu mkataba utakufa wasiposaini, bali kwa sababu mrithi mmoja aliyeachwa nje anaweza kukuzungusha kwenye baraza la ardhi miaka mingi.

Anayeuza kwa niaba ya ndugu aliye Muscat au Uingereza awe na hati ya uwakilishi inayotaja nyumba hii na kusema waziwazi kwamba anaruhusiwa kuuza. Mpigie mwenyewe mwenye nyumba kwa video umwone.

Kiwanja chenyewe

Karatasi zikinyooka, teremka chini kwenye udongo. Nilikwenda na mpima kwenye kiwanja ambacho jamaa yangu alikuwa akikitaka nje kidogo ya Dar es Salaam. Dalali alituonyesha nguzo nne za zege zimesimama wima, nyeupe, mpya. Mpima akatoa kifaa chake, akasoma namba kwenye ramani, akatembea, akasimama hatua kama kumi na mbili nje ya nguzo moja. Akafyeka nyasi kwa panga, akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Kichwa cha bikoni kikatokea, cha chuma, kimefungwa katika zege la zamani, namba yake bado inasomeka. Zile nguzo nyeupe mtu alikuwa amezipanda tu. Kiwanja tulichoonyeshwa kilikuwa kimeingia barabarani.

Kwa hiyo neno "kimepimwa" lisikutulize. Uliza kama ramani ya upimaji imeidhinishwa na kusajiliwa, uliza namba yake, kisha mpima aliyesajiliwa aitafsiri ardhini mbele ya majirani. Hili linawahusu hasa wanaonunua viwanja kwa awamu kwenye kampuni: mashamba makubwa hukatwa vipande kwenye karatasi na kuuzwa kabla mamlaka haijaupitisha mchoro. Soma kwenye mkataba wao nani anagharamia hati, itatoka lini, na ukichelewa awamu moja pesa yako inakwendaje.

Kama eneo halijapimwa, mpima bado anafaa. Achukue vipimo vya mahali hapo avipeleke idara ya mipango miji, waangalie kwenye mchoro pamepangiwa nini. Mahali panapoonekana pori tupu panaweza kuwa shule, soko au njia ya umeme mkubwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na mkataba wa maandishi hauzuii hilo. Kabla ya hapo, Desemba 2015, ilikuwa zamu ya bonde la Mto Msimbazi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Pima hizo mita. Na ukiweza, nenda ukaone nyumba wakati wa masika, mwezi wa nne, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Ukuta una kumbukumbu: alama ya maji itakuambia yanafika wapi.

Pesa, saini na kodi

Tafuta wakili wako. Aliyeletwa na muuzaji ni wa muuzaji, hata awe mkarimu vipi. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili unaoonyesha kama mtu ana leseni ya uwakili, na kuangalia hakuchukui muda.

Malipo yapite benki, yaende kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati na kwenye kitambulisho cha NIDA. Kishika uchumba, yaani malipo ya awali, kiwe kidogo, na mkataba useme kitarudi lini ikiwa upekuzi utaonyesha kasoro. Fungu la kutosha la bei libaki mpaka nyaraka za uhamisho zimesainiwa na zimepokelewa. Muuzaji mkweli anaweza kusita, hilo ni la kibinadamu, lakini kuna njia ya kati: fedha ikae kwa wakili kwa masharti yaliyoandikwa. Anayekuharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine anakuja saa kumi jioni, mwache mteja huyo achukue.

Nyaraka za uhamisho kwa nyumba yenye hati ni fomu za ardhi namba 29, 30 na 35: ya kwanza ni taarifa ya mauziano, ya pili ni ombi la kibali, ya tatu ndiyo uhamisho wenyewe. Zinakwenda pamoja na mkataba, hati halisi, taarifa ya uthamini, na stakabadhi za kodi.

Kodi zenyewe ni mbili na watu huzichanganya. Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1 ya bei, na nyaraka zinapaswa kupigwa stempu ndani ya siku 30. Kwa nyumba ya 60,000,000 ni kama 600,000. Mkataba usiolipiwa ushuru huu haupokelewi kama ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe na adhabu yake. Kodi ya faida itokanayo na mauzo ni ya muuzaji: kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, yaani tofauti kati ya alichouzia na gharama zake alizonunulia na kuendeleza, na asiye na kumbukumbu za gharama ana njia nyingine ya kukokotolewa. Ni yake kisheria, lakini isipolipwa, jina lako haliingii daftarini. Kwa hiyo mkataba utaje nani anailipa na lini. Wapo wanaoandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza kodi. Ukifanya hivyo, siku mauzo yakibatilishwa utarudishiwa kile kilichoandikwa.

Uliza pia madeni ya pango la ardhi. Yakirundikana miaka mingi, hati yenyewe inaweza kubatilishwa, na mwenye kurithi deni ni wewe. Kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kwenye malipo ya umeme wa luku, kwa hiyo angalia na mita ina deni gani.

Yanayosemwa barazani

"Nikikaa miaka 12 ni pangu." Sheria ya ukomo inampa mwenye ardhi miaka 12 kudai ardhi yake mahakamani, na hapo ndipo imani hii ilipotoka. Lakini mahakama haimpi ardhi mtu kwa kuhesabu kalenda tu. Ukaaji uwe wa wazi, usiokatika, na usiwe kwa ruhusa ya mwenyewe. Mpangaji au ndugu aliyekaribishwa hawezi kumgeuka mwenyeji wake kwa kukaa sana.

"Nikipata hati, hakuna wa kunigusa." Mahakama humwona mwenye hati kuwa mmiliki halali, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wa anayepinga. Hiyo ni ngome nzuri. Ila hati iliyopatikana kwa udanganyifu inaweza kufutwa, hata kama aliyedanganya si wewe.

"Nitakwenda baraza la kata wanirudishie." Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu. Uamuzi hutafutwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, kulingana na thamani ya nyumba.

Kwa shangazi, tulianza na jambo la kwanza lililo wazi: yule mzee aliyemuuzia bado yupo hai, na mke wake pia. Tulikwenda Jumamosi asubuhi, tukanywa chai, tukaeleza. Mzee alikumbuka hata bei. Tukaandika mkataba mpya wa uthibitisho mbele ya wakili, mkewe akasaini ridhaa, majirani watatu wakasaini mipaka. Halmashauri wakatuambia eneo lile mchoro wake umekwisha kupitishwa kuwa makazi, na upimaji unaendelea. Mpima alikuja wiki iliyofuata. Bikoni tatu zimewekwa bila neno. Ya nne inaangukia ndani ya uzio wa michongoma wa jirani, kama hatua mbili hivi, na jirani amesema tuje tena Jumapili mwanawe mkubwa akiwepo.